Vumbi la Jangwani na Riziki ya Bahari

Katika Visiwa vya Cape Verde, vilivyoko katika Bahari ya Atlantiki mkabala na pwani ya Senegali, miezi ya mwisho na ya mwanzo wa mwaka huja na adha yake. Upepo mkavu uitwao harmatani huvuma kutoka Jangwa la Sahara, na mbingu hupoteza rangi yake ya buluu. Jua hufifia, milima ya kisiwa cha pili haionekani, na mara nyingine safari za ndege huahirishwa. Wenyeji huiita hali hiyo "bruma seca", yaani ukungu mkavu. Majumbani, meza iliyopanguswa asubuhi huhitaji kupanguswa tena adhuhuri, na nguo zilizoanikwa hurudi ndani zikiwa na wekundu.

Mama wa nyumbani huliona vumbi hilo kuwa ni adui, wala hakosei. Lakini vumbi linaloangukia meza yake ni sehemu ndogo sana. Sehemu kubwa hupita juu ya mapaa ya nyumba na kwenda kuangukia baharini. Je, huko hufanya nini? Swali hili limewashughulisha wataalamu kwa miaka mingi, na majibu waliyoyapata yanahusu samaki, hewa tuvutayo, na joto la dunia nzima. Vile vile majibu hayo yanatufundisha jambo ambalo kila mpishi mwangalifu analijua: chakula kuwamo katika sahani si sawa na chakula kuingia mwilini.

SAFARI YA VUMBI

Vumbi la Sahara lilianza kuchunguzwa zamani. Mwezi Januari 1832 meli ya Kiingereza iitwayo Beagle ilitia nanga katika bandari ya Praia, Cape Verde. Ndani yake alikuwamo kijana Charles Darwin, ambaye baadaye alipata sifa kubwa katika elimu ya viumbe. Darwin aliona kitambaa chepesi cha bendera ya upepo, kilichofungwa juu ya mlingoti, kimechuja vumbi laini la rangi ya kahawia. Alilikusanya na kulihifadhi. Sehemu ya vumbi hilo alimpelekea mtaalamu Ehrenberg wa Ujerumani, ambaye alikuta ndani yake mabaki ya viumbe wadogo wa aina nyingi. Mwaka 1846 Darwin aliandika makala maalumu juu ya vumbi hilo liangukialo meli katika Atlantiki.

Leo chanzo cha vumbi hilo kinajulikana vizuri zaidi. Mahali pamoja mashuhuri ni bonde la Bodélé, kaskazini mwa nchi ya Chad. Maelfu ya miaka iliyopita bonde hilo lilikuwa sakafu ya ziwa kubwa mno, ambalo Ziwa Chad la leo ni mabaki yake tu. Maji yalipokauka, yaliacha ardhi nyeupe nyepesi iliyofanywa na maganda ya mimea midogo ya majini. Upepo hupenya kwa nguvu kati ya milima ya Tibesti na Ennedi, kama upepo upitao katika uchochoro, na kuiokota ardhi hiyo na kuirusha juu.

Kutoka hapo vumbi hupanda, pengine kilomita kadhaa, na kuelekea magharibi. Kwa muda wa juma moja hivi huweza kuivuka Atlantiki yote. Katika kisiwa cha Barbados, upande wa pili wa bahari, mtaalamu Joseph Prospero na wenzake walianza kulipima mwaka 1965, na kazi hiyo imeendelezwa tangu wakati huo. Hesabu iliyotolewa mwaka 2015, kwa kutumia chombo kizungukacho dunia angani, ilionyesha kwamba vumbi liondokalo pwani ya magharibi ya Afrika kwa mwaka ni wastani wa tani milioni 182. Kama lingepakiwa katika malori ya tani 10, yangehitajika malori zaidi ya milioni 18. Sehemu yake hufika mpaka misitu ya mto Amazon. Sehemu nyingine, iliyo kubwa, huzama baharini njiani.

KWA NINI BAHARI HUKOSA CHUMA

Ndani ya vumbi hilo zimo metali za namna nyingi: aluminiamu, chuma, manganisi, shaba, zinki, kobalti na risasi. Aluminiamu ni kama asilimia 8 ya udongo wa kawaida, na chuma ni kama asilimia 3 hadi 5. Wekundu wa vumbi juu ya nguo zilizoanikwa ni wekundu wa chuma kilichoshika kutu.

Nchi kavu chuma kimejaa tele. Baharini ni kinyume chake. Maji ya bahari yana oksijeni nyingi na yana tabia ya magadi kidogo. Kwa hiyo chuma kikiingia humo hushika kutu upesi, huganda na kuzama. Katika maji ya juu ya bahari kuu, mahali penye nafuu, gramu moja ya chuma kilichoyeyuka hupatikana katika lita milioni 18 hivi za maji. Hiyo ni sawa na msumari mdogo mmoja ulioyeyushwa katika mapipa 90,000, kila pipa likiwa la lita 200. Mahali pengine kiasi hicho hupungua hata mara kumi.

Na bado uhai wa bahari umesimama juu ya chembe hizo. Kama vile nchi kavu ina majani yaliwayo na ng'ombe, bahari nayo ina malisho yake: mimea midogo isiyoonekana kwa macho, ielayo karibu na uso wa maji. Mimea hiyo huliwa na wadudu wadogo, wadudu huliwa na dagaa, na dagaa huliwa na samaki wakubwa. Mimea hiyo pia huvuta hewa ya kaboni na kutoa oksijeni. Ili ifanye kazi hiyo huhitaji chuma. Bila chuma haiwezi kutengeneza rangi yake ya kijani, wala kuutumia mwanga wa jua ipasavyo. Ni kama mtu mwenye upungufu wa damu: chakula kipo mezani, lakini nguvu za kufanya kazi hana.

KAZI YA KUOSHA CHUPA

Kwa muda mrefu wataalamu hawakuyajua haya, na sababu yake ni ya kushangaza. Vipimo vyao vilikuwa vichafu. Meli ni chuma, kamba zake ni za chuma, na kutu yake huanguka kila mahali. Maji yaliyochotwa baharini yalikwisha kutiwa chuma cha meli kabla hayajafika kwenye maabara, na vipimo vikaonyesha chuma kingi ambacho hakikuwamo.

Aliyelitilia mkazo jambo hili kwa upande wa chuma alikuwa John Martin, mkuu wa maabara ya bahari ya Moss Landing huko California, Marekani. Katika miaka ya 1980 yeye na wenzake walifuata usafi ambao hata jiko la hospitali halina. Chupa ziliroweshwa katika asidi kwa muda mrefu na kusuuzwa tena na tena. Vyombo vya kuchotea vilikuwa vya plastiki, na kamba hazikuwa za chuma. Watu walivaa glavu na kufunika nywele, wakafanya kazi katika chumba kidogo chenye hewa iliyochujwa. Ndipo ukweli ulipoonekana: chuma cha baharini kilikuwa haba kuliko walivyodhani wote waliotangulia.

Hapo fumbo la zamani likapata ufunguo. Katika yapata theluthi moja ya bahari za dunia, hasa bahari inayoizunguka Antaktika, kaskazini mwa Pasifiki, na Pasifiki ya ikweta, maji yana mbolea nyingi ya naitrojeni, lakini mimea ni michache. Mwaka 1988 Martin na mwenzake Fitzwater walionyesha kwamba maji ya kaskazini mwa Pasifiki yakitiwa chuma kidogo ndani ya chupa, mimea huongezeka. Mwaka 1990 Martin alitoa hoja pana zaidi. Alisema kwamba katika enzi za barafu, dunia ilipokuwa kavu na yenye upepo, vumbi jingi liliilisha bahari chuma. Mimea ikastawi, ikavuta hewa ya kaboni, na dunia ikazidi kupoa. Barafu ya Antaktika inaonyesha kwamba katika enzi hizo vumbi liliongezeka, na hewa ya kaboni ilipungua kutoka sehemu 280 katika milioni hadi karibu 180. Wataalamu wa leo wanakubali kwamba vumbi lilichangia sehemu ya upungufu huo, si wote.

Martin alifariki mwezi Juni 1993. Miezi michache baadaye, wenzake walimwaga chuma kilichoyeyushwa, chini ya nusu tani, katika eneo la kilomita za mraba 64 karibu na Visiwa vya Galapagos. Mimea ikaongezeka, kama alivyotabiri.

ALUMINIAMU, KARANI WA VUMBI

Kupima vumbi liangukalo katikati ya bahari si kazi rahisi, kwa maana hakuna paa wala sahani ya kulikingia. Wataalamu wamepata karani mwaminifu, naye ni aluminiamu. Metali hii imo kwa wingi katika vumbi, lakini viumbe vingi vya baharini havina haja nayo kubwa, na hukaa katika maji ya juu kwa muda wa miaka kadhaa kabla ya kuzama. Kwa hiyo kiasi cha aluminiamu katika maji ya juu ni kama daftari la vumbi lililopokelewa. Chini ya njia ya vumbi la Sahara, katika Atlantiki ya kitropiki, aluminiamu ni nyingi. Katikati ya Pasifiki, mahali ambapo vumbi ni adimu, hupungua mara kumi na zaidi.

Chuma nacho kimepata shahidi wake. Atomi za chuma hazina uzito mmoja. Ziko nyepesi na nzito, na mchanganyiko wake hutofautiana kidogo kufuatana na mahali chuma kilipotoka. Mwaka 2014 wataalamu Tim Conway na Seth John walitangaza matokeo ya kupima uzito huo kutoka upande mmoja wa Atlantiki ya kaskazini hadi wa pili. Waliona kwamba kati ya asilimia 71 na 87 ya chuma kilichoyeyuka humo kilitokana na vumbi la Sahara. Kilichobaki kilitoka katika matope ya sakafu ya bahari na katika chemchemi za moto zilizo vilindini.

Risasi nayo ina hadithi yake. Katika karne iliyopita risasi iliyotiwa katika petroli iliruka na moshi wa magari ikaijaza Atlantiki, hata ile ya asili isitambulike. Nchi zilipoiondoa katika petroli, maji yakaanza kusafika. Mwaka 2016 watafiti waliripoti kwamba katika sehemu za Atlantiki ya kitropiki kati ya asilimia 30 na 50 ya risasi ya maji ya juu ni ile ya asili, iliyoletwa na vumbi. Hivyo mkono wa jangwa umeonekana tena baada ya uchafu wa binadamu kupungua.

MGENI NJOO, MWENYEJI APONE?

Mpaka hapa msomaji anaweza kudhani kwamba jambo ni jepesi: vumbi jingi, chuma kingi, samaki wengi. Wataalamu wengine nao waliwahi kutumaini hivyo. Lakini bahari haikukubali hesabu hiyo fupi.

Kwanza, chuma cha vumbi kimefungwa ndani ya punje za udongo. Karibu na jangwa, sehemu iyeyukayo katika maji ya bahari mara nyingi ni asilimia chache tu, na pengine haifiki moja. Vumbi lililosafiri mbali huyeyusha sehemu kubwa zaidi, kwa kuwa punje kubwa zimekwisha anguka njiani, na zile ndogo zimelainishwa na mwanga wa jua na asidi za mawinguni.

Pili, na hili ndilo lililowashangaza wengi, vumbi laweza kupunguza chuma badala ya kukiongeza. Mwaka 2010, karibu na kisiwa cha Corsica katika Bahari ya Mediterania, watafiti walitundika baharini mifuko mikubwa ya plastiki safi, kama visima vya kina cha mita 12 na nusu. Juu yake walinyunyiza vumbi la mfano wa lile la Sahara, gramu 10 kwa kila mita ya mraba, yaani kama vijiko viwili vya chai. Baadaye walinyunyiza mara ya pili kiasi kile kile.

Aluminiamu na manganisi ziliongezeka mara zote mbili. Lakini chuma kilikwenda njia yake. Baada ya vumbi la kwanza, chuma kilichoyeyuka kilipungua. Punje za vumbi zilipokuwa zikizama zilikinasa kile kidogo kilichokuwamo majini na kushuka nacho chini, kama ufagio ulioletwa kwa jina la zawadi. Baada ya vumbi la pili, chuma kiliongezeka. Vumbi lilikuwa lile lile, na maji yalikuwa yale yale. Tofauti ilikuwa nini?

Watafiti wanaeleza kwamba tofauti huenda ilikuwa katika utayari wa maji. Viumbe vidogo vya baharini hutoa vitu fulani majini ambavyo hukishika chuma na kukizuia kisigande wala kuzama. Wakati wa vumbi la kwanza vitu hivyo vilikuwa vichache. Vumbi hilo liliamsha uhai, uhai ukaongezeka, na vishikizo vya chuma vikawa vingi. Vumbi la pili lilipofika, lilikuta wenyeji wamejiandaa kumpokea mgeni.

Mambo haya si mageni jikoni. Mama aliyepika maharagwe amewapa watoto wake chuma. Lakini wakiyanywea chai ya rangi pamoja na chakula, sehemu kubwa ya chuma hicho haitaingia katika damu. Wakila chungwa au kukamulia limau, chuma kitakachoingia kitaongezeka. Maharagwe ni yale yale. Kilichobadilika ni hali ya kuyapokea. Bahari nayo ni hivyo hivyo.

Viumbe vingine havingoji kuletewa. Kuna mimea midogo ya baharini ijulikanayo kwa jina la Trichodesmium, ambayo mabaharia wa zamani waliifananisha na unga wa mbao uelea juu ya maji. Mimea hii ina uwezo wa kuchukua naitrojeni ya hewani na kuifanya mbolea, kazi inayodai chuma kingi. Mwaka 2011 watafiti wa Bahari ya Shamu walionyesha kwamba ikikaa pamoja katika vifungu hunasa punje za vumbi, huzisogeza katikati ya kifungu, na huko huziyeyusha taratibu. Kwa njia hii vumbi humfaa hata yule asiyeligusa, kwa kuwa mbolea inayotengenezwa huwalisha majirani.

Tatu, si kila metali ni neema. Shaba inahitajika kwa kiasi kidogo mno, na ikizidi huwa sumu. Uchunguzi uliotolewa mwaka 2009 ulionyesha kwamba aina fulani za vumbi na moshi wa hewani ziliongeza mimea ya baharini, na aina nyingine ziliiua baadhi yake. Watafiti waliitilia shaka shaba.

BAHARI ILIYO KARIBU NASI

Habari hizi si za Atlantiki peke yake. Bahari ya Arabuni, ambayo majahazi ya Oman na pwani ya Afrika Mashariki yaliivuka kwa karne nyingi, hupokea vumbi la Arabuni na la Pembe ya Afrika. Upepo wa kusi huvuma kando ya Somalia na Oman kwa nguvu nyingi, na kuyapandisha juu maji ya chini yenye mbolea. Hata hivyo, mwaka 2010 wataalamu waliripoti kwamba mwishoni mwa msimu wa kusi, katika sehemu za bahari hiyo mbali kidogo na pwani ya Oman, mbolea hubaki nyingi bila kuliwa. Wanaona kwamba sababu yake ni upungufu wa chuma. Ajabu ni kwamba bahari iliyozungukwa na majangwa nayo yaweza kukosa chuma kwa wakati wake.

BIASHARA YA KUITIA BAHARI CHUMA

Kuyafahamu mambo haya si anasa ya wasomi. Tangu siku za Martin wamekuwapo watu wanaotaka kuimwagia bahari chuma kwa wingi, ili mimea ivute hewa ya kaboni na dunia ipoe. Tangu mwaka 1993 majaribio makubwa 13 ya kisayansi yamefanywa. Mara nyingi mimea iliongezeka, lakini kaboni iliyothibitika kuzama vilindini na kukaa huko ilikuwa kidogo kuliko ilivyotumainiwa. Mwaka 2012, karibu na pwani ya magharibi ya Canada, tani zipatazo 100 za dawa yenye chuma zilimwagwa baharini kwa matumaini ya kuongeza samaki, na jambo hilo likazusha malalamiko makubwa. Kabla ya hapo, mwaka 2008, nchi zilizotia saini mapatano ya London ya kuzuia utupaji wa taka baharini zilikwisha azimia kwamba kazi ya namna hiyo isiruhusiwe isipokuwa kwa utafiti wa kweli.

Azimio hilo lina busara. Mimea ikistawishwa mahali pamoja kwa nguvu, hutumia mbolea ambayo ingelisha samaki mahali pengine. Ikifa na kuoza kwa wingi, huweza kumaliza oksijeni ya maji ya chini. Mvuvi wa Mauritania au Senegali, ambaye riziki yake iko katika maji hayo, angepata hasara ya jambo ambalo hakuulizwa. Na kama vijiko viwili vya vumbi vilivyopimwa kwa uangalifu vilileta jibu moja leo na jibu jingine kesho, nani awezaye kuahidi matokeo ya maelfu ya tani?

Vumbi la Sahara limekuwa likienda baharini tangu kabla ya binadamu kujenga jahazi la kwanza. Huenda kidogo kidogo, kwa misimu, likipumzika na kurudi, na viumbe vya baharini vimejizoeza kulipokea. Linamdhuru mwenye pumu na kumchosha mwenye kufagia, wala si kosa kufunga madirisha lipitapo. Lakini anayekung'uta kitambaa chake mlangoni, huko Praia, na ajue kwamba wekundu huo uliomtia kazi ni chuma kile kile ambacho, mbali na pwani yake, ni posho ya dagaa na ya samaki atakayenunua sokoni.